Ofisi Yangu ya Lamadi

Jumanne, 20 Aprili 1993

Nimejiponza. Mzee Machibya aliuliza kijana anayemposa binti yake Minza anafanya kazi gani. Ningesema ukweli, kwamba nauza mitumba sokoni Bariadi, kama Deogratias anayemnyemelea Minza huyohuyo. Nikasema nina ofisi ya watalii Lamadi, karibu na geti la Serengeti. Siku hizi biashara ni ruksa, nani atabisha? Mzee akabisha. Mama Minza atakwenda kuiona Ijumaa. Asipoiona, posa imekufa. Sijala tangu asubuhi.

Jumatano, 21 Aprili

Nimepata akili! Kwa mila yetu, mimi na mama mkwe hatukaribiani. Hatupeani mkono, hatuli pamoja, hatusemezani, na nilipo mimi yeye haingii. Basi aje! Nitasimama mlangoni, naye ataishia kusoma kibao akiwa barabarani: MASUNGA SAFARI. Chumba ni cha rafiki yangu Sayi wa hukohuko Lamadi. Kibao nimekituma leo kwa pikapu ya Thomasi. Deogratias alikiona akauliza kwa nini nimechora mbwa. Ni simba! Wivu mtupu.

Ijumaa, 23 Aprili

Balaa. Mbele ya pikapu walikaa Thomasi, Mama Minza na shangazi yake Minza, Klementina! Habari ya shangazi sikuambiwa. Shangazi hana mwiko na mimi, anaingia popote. Nikakaa nyuma chini ya turubai, nimewapa mgongo. Tulipofika Dutwa tukanasa topeni saa mbili nzima. Nilisukuma nimefumba macho nisije nikamwona mkwe. Gari likachomoka, mimi nikabaki nimelala kwenye tope na suti yangu.

Lamadi kimya. Mvua tu. Hotelini viti viko juu ya meza. Muuza vinyago anauza mabuti ya mpira. Mlinzi akasema watalii mpaka Juni. Ghafla nikaona Mzungu! Nikamwonyesha shangazi: mteja wangu yule. Mzungu akaja, akamsalimu shangazi kwa Kisukuma, mwadila mayu, akauliza pamba ya mwaka huu inaendeleaje. Ni padri. Ndiye aliyembatiza Minza.

Mama Minza akakaa kwenye kibaraza cha duka ng'ambo ya barabara, akajifunika khanga, akamtuma shangazi ofisini. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akafungua mlango. Mbuzi! Sayi amewakinga mvua mbuzi wake humo, na kibao changu amekitandika chini walalie pakavu. Shangazi akatangaza kutoka mlangoni, Lamadi nzima ikasikia: watalii hakuna, ila kuna mbuzi ishirini na wawili.

Nikajua nimekwisha. Mama Minza akamjibu shangazi kwamba kumbe kijana ana mali na hata hakujisifu. Ningekanusha, lakini nitamkanushiaje mtu nisiyeruhusiwa kusema naye? Ningemwambia shangazi, lakini alikuwa anawahesabu upya.

Jumapili, 25 Aprili

Baada ya misa Mzee Machibya alinishika kwa mikono miwili. Posa imekubaliwa! Ila mbuzi wote ishirini na wawili wameongezwa kwenye mahari, juu ya ng'ombe. Anataka kuwaona Jumamosi.

Minza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanisihi nimwambie baba yake ukweli leo hii, eti ananitaka hata nikiuza mitumba, na atanitetea. Nilikaribia kulia kwa furaha. Lakini Minza hajui biashara.

Nikamwambia mzee mbuzi wamehamia malishoni Lalago. Kwa mvua hii nani atafika Lalago? Mzee akafurahi sana. Kaka yake anakaa hukohuko, atalala kwake.

Kesho alfajiri nakwenda Lalago kutafuta zizi la kuazima pamoja na mbuzi wake. Kibao ninacho. Fundi atalifuta neno SAFARI, na yule simba amnyoe manyoya, ampe pembe, awe mbuzi.