Makopo Kumi ya Sebule ya Bu Suwarti

Wiki mbili kabla ya Idi, mji mzima wa Semarang hunuka rangi, na fundi Tukiman hunenepa hata kama amefunga. Lakini mwaka huo alikuwa na shida ya kweli. Mzee Paimin, baba wa mchumba wake Ngatini, alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima: "Fundi rangi gani huyu anaposa kwenye nyumba iliyobambuka? Ukuta wangu wa mbele uwe mweupe kabla ya Idi, la sivyo binti yangu ataolewa na muuza matairi!" Ukuta ule ulitaka makopo sita. Tukiman hakuwa na hata moja, na kununua rangi kwa pesa yake mwenyewe aliona ni kuuvunjia heshima ufundi.

Basi alipomwona Bu Suwarti, yaani Mama Suwarti, mjane muuza batiki sokoni, amesimama mlangoni akikwangua ukuta wa sebule kwa ukucha, moyo ulimruka.

"Niachie mimi, Bu. Wewe kaanga vitafunio, ngoja wageni."

"Itakula makopo mangapi, Mas Man?" aliuliza mjane, akimwita kaka kwa lugha ya kwao na kulifupisha jina lake.

Tukiman akachomoa futi. Akapima kuta. Akapima milango miwili kama ukuta, madirisha manne kama ukuta, na dari ambayo hakuna aliyesema ipakwe, nayo akaipima. Akagongagonga chokaa kwa kidole kama daktari, akaguna.

"Maskini, ukuta wa zamani huu. Una kiu. Makopo kumi."

Alikuwa amefunga siku hiyo, tumbo na koo. Ulimi tu ndio haukuwamo kwenye saumu. Sebule ile ilitaka manne.

"Kumi? Haya, kumi," alisema Bu Suwarti.

Hapo ndipo Tukiman angebeba ndoo yake akimbie. Mama wa sokoni hupatana hata bei ya kitu cha bure. Akikubali neno la kwanza, ujue ameshakuuza wewe. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Tukiman aliona makopo tu.

Bu Suwarti akanunua rangi, kazi ikaanza. Makopo manne yakaingia ukutani, sita yakaingia chini ya magunia nyuma ya jiko, yakisubiri mkokoteni. Siku ya tatu Bu Suwarti akaja kukagua, na nyuma yake balozi wa mtaa, mzee aitwaye Pak Darmaji, aliyeitwa kushuhudia malipo.

"Pamependeza," alisema Bu Suwarti. "Rangi imebaki, Mas?"

"Ibaki wapi, Bu! Ukuta umekunywa yote. Nimekung'uta mpaka tone la mwisho."

"Yote kumi?"

"Wallahi, yote kumi."

"Pak Darmaji, umesikia?"

"Nimesikia vizuri."

Bu Suwarti akamlipa fundi ujira wake wote bila kupunguza hata rupia. Kisha akashika kifua. "Sasa Pak, kuna jambo linanitisha. Nyuma ya jiko langu, chini ya magunia, kuna makopo sita ya rangi. Yangu yamekwisha, fundi ameapa. Haya ni ya nani?"

Lo! Tukiman amenasa. Akisema ni yake, amejitangaza mwizi, mwezi mtukufu, majirani wakichungulia. Akinyamaza, Ngatini huyoo, kwa muuza matairi.

"Labda majini, Bu," alijaribu.

"Majini wapake nini?" aliuliza balozi. "Wewe fundi, njoo uyaangalie. Unayatambua?"

"Si... siyatambui, Pak."

"Basi mali isiyo na mwenyewe iende msikitini. Kuta zetu pale zimefifia kweli. Na fundi tunaye, alhamdulillahi! Utatusaidia, mwanangu?"

Mzee akishakuomba kwa upole namna ile, mbele za watu, hakuna mdomo Semarang unaoweza kutamka hapana.

"Ndiyo, Pak," alisema Tukiman, na ndani analia.

Akapaka msikiti siku mbili, akichuma thawabu ambazo hakuziagiza. Bu Suwarti alileta kiti akakaa kumtazama. Watu walipoondoka, akamnong'oneza: "Marehemu mume wangu aliipaka sebule ile Idi ishirini na mbili. Makopo manne, mwanangu, na masalia tukapaka banda la kuku."

Mkesha wa Idi, ujira wote wa Tukiman ukaishia dukani. Alimaliza ukuta wa Mzee Paimin.

Mzee akaupapasa, akatikisa kichwa kwa furaha. "Rangi safi hii. Umeipata wapi?"

"Nimenunua, Pak."

"Kwa pesa yako mwenyewe?"

"Kwa pesa yangu mwenyewe," alisema Tukiman, na machozi yakamtoka.

Ngatini akadhani ni mapenzi, akamfuta kwa ncha ya mtandio wake.