Gari la "Malkia"

Jumatatu, 2 Machi
Malkia kanunua gari la bendi. Malkia ni jina lake la jukwaani, la kuzaliwa silijui. Anatafuta fundi wa kuandika ubavuni: Bendi ya Malkia. Gari litazunguka kila mji na mwandiko wangu nao. Miaka kumi na tisa nachora vibao vya vinyozi na mabucha, sasa basi. Gari hili lazima niliandike mimi.

Kikwazo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Brashi nilimshikisha mimi. Leo mtaa mzima unamwita Mkono Laini, na mimi bado ni yule fundi wa kona.

Jumanne, 3 Machi
Dawa imepatikana. Nimejipa jina: Profesa wa Rangi. Kibao kipya mlangoni: Karakana ya "Profesa wa Rangi". Siri ni vile vialama vya kufungua na kufunga. Vinaonyesha mtu kasoma. Shemeji havijui.

Mke wangu akauliza kwa nini jina limejengewa ukuta. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema haya Profesa, ndoo haina maji. Nikaenda kuteka. Njiani nikamwomba muuza mkaa aniite Profesa. Akauliza nani kanipa hilo jina. Watu wana maswali.

Alhamisi, 5 Machi
Malkia kaja! Kanipa mlango wa kushoto kama jaribio, wa kulia kampa shemeji. Atakayempendeza atapewa gari zima. Nimeandika kutwa nzima: Bendi ya "Malkia". Vialama nimevitia rangi ya dhahabu. Shemeji kaandika jina tupu. Nimemhurumia kidogo.

Ijumaa, 6 Machi
Mpiga ngoma ndiye kaniharibia. Alisimama mbele ya mlango wangu akasoma kwa sauti: Bendi ya eti Malkia. Wenzake wakavunjika mbavu. Malkia hakucheka. Akaniuliza kwa upole ni nani kamvua taji. Nikaeleza kwamba vialama vile ni heshima. Akasema heshima ya aina hiyo nikampe mama mkwe wangu.

Gari kapewa shemeji. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 8 Machi
Mtaa sasa unaniita Fundi Eti. Wivu tu.

Shemeji kaja asubuhi, kakaa kwenye benchi langu. Kisha akasema bila mimi asingejua hata kuosha brashi. Kamwomba Malkia, na Malkia kakubali: nyuma ya gari, chini kabisa, niandike majina yetu mawili. Mke wangu alifuta macho kwa kanga. Mimi nilisingizia harufu ya rangi.

Shemeji aliniomba jambo moja tu: nisiguse jina la Malkia. Nikaapa.

Jumatatu, 9 Machi
Nimeheshimu kiapo. Jina la Malkia sikuligusa hata kwa kidole.

Usiku nilifikiri sana kosa lilikuwa wapi, nikaligundua. Vialama vilikuwa vidogo! Mpiga ngoma hakuviona vizuri ndiyo maana akasoma vibaya. Leo nimevichora vinene, vinaonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara: Kazi ya "Mkono Laini" na "Profesa wa Rangi".

Vya shemeji nimevitia dhahabu mara mbili, kama shukrani. Yeye bado hajaona. Gari limeondoka saa nne kwa safari ya miezi mitatu.