Ndege Aliyetundikwa Kichwa Chini

Alasiri ile habari iliingia barazani kupitia simu ya Ubaid, kama zinavyoingia habari zote siku hizi, kabla ya salamu. Ubaid ndiye muuza kahawa wetu hapa Kibokoni. Tunamwita Dele, kwa sababu lile dele lake la shaba halimtoki mkononi hata akiwa hana cha kumimina.

"Sikizani," akasema. "Mama mmoja huko ng'ambo kamlisha paka kwa bakuli miaka thelathini. Juzi kaja mgeni, kalitazama, kamwambia, bibi, hili ni la Mchina, lina miaka mia tano. Limeuzwa bei ya nyumba tatu."

"Na paka?" akauliza Msumari.

"Paka hawakumtaja."

"Basi hiyo habari haijatimia."

Msumari ni Abdulghafur, seremala mwenye karakana uchochoroni nyuma yetu. Kazi yake ni kutengeneza masanduku ya kale, na neno kutengeneza nimelitumia kwa makusudi. Sanduku huanza Jumamosi likiwa mbao mpya, kufika Ijumaa lina miaka mia mbili: chai ya rangi, moshi wa vifuu, na misumari iliyolala kwenye maji ya chumvi. Hajawahi kumwambia mteja kwamba ni la kale. Mteja mwenyewe ndiye humwambia yeye, naye kwa adabu hamkatizi.

Mimi wananiita Makumbusho. Jina hili nilijitafutia mwenyewe kwa domo, nikijiita makumbusho yatembeayo. Wao walinifupishia tu.

Habari ya bakuli ilinikuta pabaya, maana chini ya benchi, kwenye kikapu, nilikuwa na sahani. Na mtu mwenye sahani chini ya benchi hawezi kunyamaza watu wakizungumzia bakuli. Nikaitoa, nikaikunjulia khanga. Nyeupe, michoro ya buluu, na katikati ndege mwenye mkia mrefu kama aliyevishwa kwa ajili ya harusi.

"Hino si ya shangazi yako?" akasema Dele. "Ile ya Bi Mwanakuu, iliyotundikwa juu ya kidaka?"

"Karibu ndiyo hiyo."

"Karibu huambiwa mgeni," akasema Kontena. "Mzigo hauambiwi karibu. Ndiyo ama siyo?"

Kontena ni Kyalo, hukaa Ganjoni na huhesabu makontena bandarini tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akitoka kazini hupita kwetu kunywa vikombe viwili na kutilia shaka kila kitu. Kwake yeye, hata mvua ni lazima ije na karatasi.

Nikaona nimeshafungua kinywa, bora nimalize. Bi Mwanakuu alikwenda Maskati kumtazama binti yake, akaniachia ufunguo wa nyumba nimwagilie asumini. Kumwagilia asumini hakutaki mtu apande kiti. Mimi nilipanda kiti. Kulikuwa na kundi moja simuni, la wapenda vitu vya kale, na jamaa mmoja huko alikuwa ametilia shaka elimu yangu. Nikataka nimpigie picha ile sahani, kitakoni, apate kunyamaza. Kumbe kigwe kilichoishika kilikuwa kimeoza. Sahani iliyokaa ukutani tangu enzi za nyanya yake shangazi ilikaa mkononi mwangu kiasi cha muda wa kupiga chafya.

Dele aliweka dele chini. Hilo hatujawahi kuliona.

"Lakini nimeitafuta mtandaoni hata nimeipata," nikasema. "Ndege yule yule. Umri ule ule. Shangazi kawasili leo, mke wangu Fadhiya kaenda kumpokea. Nimeshamwambia wapite kwanza nyumbani kwetu wale. Mimi nitapita kwake, niitundike, na hakutatokea neno."

"Na ni ya kweli?" akauliza Kontena.

"Jamani. Mnaniuliza mimi?"

Sahani ikazunguka mikononi. Dele akaigonga kwa ukucha, akategea sikio. "Yalia vizuri."

"Hata mtoto wa jirani yangu alia vizuri," akasema Kontena. "Karatasi ziko wapi?"

Nikatoa cheti. Kina muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu. Kontena akakitazama kama mtu aliyepewa noti ya shilingi mia tatu. "Mimi nikiona muhuri wa dhahabu, kontena hilo nalifungua mara mbili."

Msumari aliigeuza, akaisugua pembeni kwa kidole gumba, akakitazama kidole. "Kazi nzuri," akasema.

"Kazi ya nani?"

"Sijui ya nani. Mtu kafanya kazi hapa."

Ikanibidi niwape darasa. "Tazameni kitako. Mwaona hizi tundu mbili kwenye hii pete inayokalia meza? Mchina hakutoboa sahani. Waliotoboa ni wazee wetu, kwa keekee, wapate kupitisha kigwe waitundike ukutani. Sahani isiyo na tundu haijawahi kuingia nyumba ya Mswahili. Hii inazo. Na hili doa ni chokaa ya ukuta. Haya, nuseni."

Wakanusa, mmoja mmoja.

"Udi," akasema Dele, macho yakimtoka.

"Udi. Sasa semeni."

Msumari akajikuna shingo. "Muuzaji yuko wapi?"

"Uchina."

"Na huko Uchina ilifukizwa udi na nani?"

"Labda ilitoka huku zamani, ikarudi kwao."

"Kama mke aliyenuna," akasema Dele. "Tena kabeba na chokaa ya mume."

Kontena akanyoosha mkono. "Lete simu. Nataka kuona mlivyozungumza."

Ningekataa, lakini anayekataa kufungua mzigo huwa ameshasema kilichomo. Nikampa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ya bandarini inayovuka winchi tatu.

"Makumbusho aandika: 'Bwana, mimi si mnunuzi wa kawaida, usijaribu kunichezea. Sahani za pwani yetu huwa na tundu mbili kitakoni. Yako inazo?' Mchina ajibu, simu yamtafsiria: 'Ndiyo mpenzi mteja. Tundu mbili zipo. Tafadhali ngoja siku tatu.'"

"Siku tatu za nini?" akauliza Msumari, ingawa uso wake ulishajua.

"Apige picha," nikasema. "Mtu ana shughuli zake."

"Picha ziko hapa. Hii ya Jumatatu, kitako kizima. Hii ya Alhamisi, tundu mbili." Kontena akapandisha miwani. "Yakhe, sahani yako imetogwa masikio katikati ya juma."

"Mlimpigia vigelegele?" akasema Dele.

"Ngojeni, haijesha. Makumbusho: 'Vizuri, lakini ya kweli huwa na doa la chokaa.' Mchina: 'Ndiyo mpenzi mteja. Chokaa rangi gani?' Na huyu bwana kamjibu. Kamwambia nyeupe iliyochoka."

Msumari alikuwa ameinamia magoti yake, mabega yakimtikisika. "Na udi. Soma ya udi."

"'Mpenzi mteja, udi ni nini?' Makumbusho kamwandikia mistari kumi na minne. Mpaka kipimo cha makaa."

Sina la kujitetea. Wengine huibiwa na mwizi aliyevunja mlango. Mimi mwizi wangu alisimama nje mikono mitupu, mimi nikamtajia kufuli ni la aina gani, nikamchongea ufunguo, kisha nikamlipia na nauli.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema Dele, akimimina. "Kata ya kwetu hino haina siri hata ya kikombe."

Hapo nikapandwa na hasira, na hasira yangu ina desturi mbaya ya kuja na hotuba. "Lakini mwongo yule hana haya. Kumkabidhi mtu kitu cha juzi, umwache aamini ni cha mababu, na wewe umenyamaza tu. Binadamu gani huyo?"

Walinitazama, wote watatu, kwa huruma niliyoichukia.

"Na wewe," Kontena akauliza taratibu, "Bi Mwanakuu utamwambia nini?"

"Sitamwambia kitu."

"Hata mie kwa wateja wangu huwa sisemi kitu," akasema Msumari. "Ila wao hawakunilea."

Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Aliyenichukua ni Bi Mwanakuu. Chini ya sahani ile ndipo nilipokuwa nikila chakula, na kila nilipogoma kula aliniambia yule ndege ananihesabia matonge. Nililikumbuka hilo, na bado, walahi, woga ukashinda.

"Kwanza tuitundike tuone," nikasema. "Pengine ikiwa juu haionekani upya."

Dele akaondoa taulo lake kwenye msumari wa ukutani. Nikapitisha kigwe kwenye zile tundu mbili nilizozilipia, nikakifunga, nikaitundika, nikarudi nyuma hatua tatu.

Ndege alikuwa kichwa chini. Mkia juu kama mwavuli, mdomo ukielekea sakafuni.

"Huyo si ndege," akasema Msumari. "Huyo popo."

"Aliyetoboa hakuwahi kutundika," akasema Kontena. "Wazee walitazama mchoro kwanza, ndipo wakashika keekee. Huyu kasoma barua yako, kageuza sahani, katoboa palipomjia. Hukumwandikia kwamba ndege ana miguu."

Tulikuwa bado tunacheka, mimi kwa upande mmoja wa mdomo, tuktuk ilipokata kona na kusimama mbele ya baraza. Akateremka mke wangu Fadhiya, akifanya ishara kwa nyusi kwamba amejaribu. Nyuma yake akateremka Bi Mwanakuu.

"Masalkheri, jamaa."

"Masalkheri, Bi Mwanakuu. Hamdulilahi, umerudi salama."

"Hamdulilahi. Huyu mke wako ataka nikale biriani kwake kabla sijauona mlango wangu. Nikamwambia, basi nipitishe kwa Ubaid kwanza, nijue kuna nini." Macho yake yakapanda ukutani, yakatulia. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa akikiinamisha bega la kulia, kisha la kushoto. "Mbona ndege huyu kaanguka?"

Sijui ulimi ulitoka wapi. "Huyu hakuanguka, shangazi. Aliyeanguka ni wako."

Dele alijishughulisha na makaa. Kontena akasoma tena cheti.

"Ulipanda kiti," akasema shangazi.

"Nilipanda kiti."

"Wa kwangu yuko wapi?"

"Kwenye kopo la biskuti. Vipande ishirini na viwili. Sikutupa hata kimoja."

Alikaa kwenye benchi, akapokea kikombe, akanywa chote pasi na kuniangalia. "Niletee kopo," akasema mwishowe. "Wa kwangu hata akiwa vipande ishirini na viwili namjua. Huyu simjui, na ni mzima. Abdulghafur, waweza kuunga?"

"Kuunga naweza, Bi Mwanakuu. Na nyufa nazificha, mwenyewe hutaziona."

"Usinifichie hata mmoja. Nataka zionekane, ili huyu akija kula kwangu Ijumaa apate cha kuhesabu." Akainuka, akajitengeneza buibui. "Na huyo popo mwacheni hapo hapo."

Tuktuk ikaondoka nao. Baraza ikaanza kuvunjika: Kontena akatafuta viatu vyake, Msumari akasema anakwenda kuandaa gundi, Dele akalitundika taulo lake kwenye msumari ule ule, juu ya mkia wa ndege.

Simu yangu, aliyoiacha Kontena kwenye benchi, ikalia. Alikuwa yule muuzaji. "Mpenzi mteja, sahani za aina yako sasa zinatafutwa sana. Una alama nyingine ya kweli unaweza kutuambia?"

Nikamtazama ndege, nikamcheka yule bwana kwa ujinga wake. Mtu hajui hata pa kutoboa. Kidole kikaanza chenyewe: "Bwana, kwanza kabisa, kabla hujashika keekee, hakikisha ndege—"

Kontena alirudi mbio, kiatu kimoja mguuni, akaninyang'anya simu.