Maksi za Kushindwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka semina ya mbinu za kufundisha ubunifu na ujasiriamali. Nimerudi mtu mwingine! Nimeleta begi lenye nembo, kalamu ya rangi nne na pakiti ya vikaratasi vya kunata. Walimu wenzangu walilitazama begi kwa wivu. Mwalimu wa Hisabati aliuliza kama chakula kilikuwa kizuri. Hilo tu ndilo aliloliuliza. Watu wengine hawana kiu ya elimu.

Mwalimu Mkuu amenikabidhi ufunguo wa stoo ya viti vibovu, ile iliyo nyuma ya maktaba. Itakuwa Chumba cha Ubunifu! Ila ametia sharti. Mkaguzi anakuja Jumatano ya wiki ijayo. Akikuta humo somo linaloeleweka, chumba ni changu moja kwa moja. Asipolikuta, kinakwenda kwa Mwalimu wa Ushonaji, ambaye amekililia chumba hicho tangu cherehani zake zianze kubanana barazani.

Mwalimu wa Ushonaji alinipa hongera, midomo kaibana. Akasema chumba kina mwanga mzuri wa asubuhi, unafaa sana kwa kutunga uzi. Nimemwelewa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na ukuta. Nimetumia rangi ya machungwa iliyobaki mke wangu alipopaka jiko. Imeniishia katikati ya neno. Sasa ukutani pameandikwa CHUMBA CHA UBU. Wanafunzi wanapita wakicheka. Nimewaambia kazi ya mbunifu haikamiliki kamwe. Wakacheka zaidi.

Mtaalamu wa semina alisema wabunifu hawakalii viti. Viti hubana mawazo. Wabunifu hukaa chini, kwenye mifuko mikubwa laini iliyojazwa sponji. Niliulizia bei dukani, nikaaga kwa adabu. Lakini si ndiyo maana ya ubunifu? Nyumbani, mvunguni mwa kitanda cha wageni, kuna godoro la mama mkwe. Alikuja nalo mwenyewe safari iliyopita, akisema magodoro yetu yanamvunja kiuno. Naye haji tena mpaka mwezi wa sita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Godoro limetoa mifuko minne. Kushona sijui, na kwa yule mama wa cherehani siendi hata iweje. Nimeibana mifuko kwa stepla. Imeshika vizuri sana, ukikaa polepole.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimezindua mbinu yenyewe. Mtaalamu alisema mjasiriamali wa kweli hujifunza kwa kushindwa, na kwamba shule zinaua ubunifu kwa kumwadhibu anayeshindwa. Ukumbi mzima ulitikisa vichwa kukubali. Mimi peke yangu nilijiuliza swali la mwalimu: kushindwa huko kunasahihishwaje? Jibu nimelipata mimi!

Kila kundi litaanzisha biashara ndogo. Litakaloshindwa kabisa litapata mia. Litakaloshindwa nusunusu litapata hamsini. Litakalofanikiwa litakuwa halijajifunza kitu, basi litapata sifuri.

Mmoja wa wale wa nyuma aliomba nirudie. Nikarudia. Sijapata kuona wanafunzi wakiandika kwa kasi ile.

Kinara aliinua mkono. Ndivyo tunavyomwita yule msichana anayeshika nafasi ya kwanza tangu siku aliyotia mguu shuleni. Aliuliza kama asiyeweza kushindwa ataruhusiwa kurudia mtihani. Nilimtia moyo. Nilimwambia akijitahidi, hata yeye anaweza kushindwa kama wenzake.

Ijumaa, 7 Machi

Matokeo ya ajabu! Kundi la kwanza limefungua banda la kuuza maji ya kunywa, pembeni kabisa mwa bomba la shule. Hakuna aliyenunua. Mia. Kundi la pili limefungua banda la kinyozi, na mteja waliyemlenga ni mmoja tu: Mwalimu wa Hisabati, ambaye kichwani hana unywele hata wa dawa. Aliwafukuza na rula. Mia. Kundi la nyuma halikufanya lolote. Walikuja kunieleza kwamba wao wameshindwa hata kuanza, kwa hiyo hakuna kundi linaloweza kuwafikia. Nilikuna kichwa. Nikawapa mia. Mbinu isiyo na msimamo si mbinu.

Wazo la kundi la Kinara lilinigusa moyo. Waliomba wauze vile viti vibovu nilivyovitoa stoo na kuvirundika nje. Vya miguu mitatu, visivyo na mgongo, vilivyoonjwa na mchwa. Nani mwenye akili atanunua? Nikaruhusu papo hapo. Mwalimu wa Ushonaji alikuwa akipita, akauliza kama Mwalimu Mkuu ana habari. Nikamjibu kwamba wabunifu hawaombi ruhusa. Akaenda zake akivumisha wimbo puani. Wimbo ule unanichefua.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika! Hakupiga simu, hakutuma salamu. Anasema mtu haombi miadi kwenda kwa mwanawe.

Mke wangu aliinama mvunguni kutoa godoro. Akabaki ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nikawahi kusema nimelipeleka kuanikwa. Mama mkwe akataka kujua linaanikwa wapi, maana uani kuna jua la kutosha magodoro ya mtaa mzima. Nikasema shuleni jua ni zuri zaidi. Kisha nikasema maji yanachemka jikoni, nikaondoka.

Mama mkwe atalala na mwanawe kwenye kitanda chetu. Mimi nimepewa mkeka.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa! Kundi la Kinara limefanikiwa.

Viti vilianza kuondoka Jumamosi. Mtu wa kwanza alitaka pa kuwekea chungu cha maua. Wa pili alitaka miguu tu. Kisha akaja seremala wa mtaa wa nyuma na mkokoteni, akasema mbao za zamani kama zile hazionekani tena, akabeba rundo zima na kuomba akumbukwe vikipatikana vingine. Kinara, maskini, alipigana kiume. Alipandisha bei, wateja wakaongezeka. Alimwambia seremala kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mna mchwa ndani. Seremala akamsifu kwa ukweli na kuwaita ndugu zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakukutana na viti hivi.

Nimempa sifuri. Iliniuma, lakini sheria ni msumeno. Alilia mpaka vikaratasi vyangu vya kunata vikaisha, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu vya kujifutia.

Baba yake ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Hilo nilipaswa kulikumbuka mapema.

Jumanne, 11 Machi

Mwenyekiti amekuja. Aliuliza inakuwaje mwanawe ameuza takataka ambazo shule nzima ilishindwa hata kuzitupa, halafu apate sifuri, na vijana walioota jua ukutani wapate mia. Nilimweleza mbinu kwa kirefu. Nilitumia mikono yote miwili na kalamu ya rangi nne. Akauliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuendesha biashara. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimewahi zaidi ya mara moja, na zote zilikufa. Akashusha pumzi, akasema sasa amenielewa.

Nadhani nimemvuta upande wangu.

Mwalimu Mkuu naye aliniita, akauliza viti vya shule vimeuzwa kwa idhini ya nani. Nilimsihi asubiri kesho. Mkaguzi akishaona mbinu, viti atavisahau. Akaniambia kesho haiko mbali. Kiti kimoja kizima bado kipo, nimemwekea mkaguzi. Sina wasiwasi.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mkaguzi ni mama mrefu, mzito wa maneno na wa mwili pia. Nilimfungulia mlango kwa tabasamu. Kiti hakipo! Seremala alikuwa amerudi asubuhi kuulizia kingine, na Kinara, ambaye alishakata tamaa ya kushindwa, alimuuzia kile cha mgeni.

Nifanyeje? Nilimkaribisha mkaguzi kwenye mfuko. Nilimwomba akae polepole. Hakukaa polepole.

Pini za stepla zilifumuka zote kwa mkupuo. Sponji ikaruka mpaka dirishani. Mkaguzi alikuwa sakafuni, miguu mbele, na pini moja imeshika sketi yake mahali ambapo mimi, mume wa mtu, nisingeweza kupeleka mkono. Alipojaribu kunyanyuka, sketi ikachanika. Kundi la nyuma likapiga makofi na kushangilia kwamba Mwalimu amepata mia! Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo.

Na nani alitokea mlangoni, sindano tayari mkononi? Alimzungushia mkaguzi kitambaa, akaishona sketi palepale. Wanafunzi wake waliokota sponji bila kuambiwa. Mkaguzi akawauliza wanashona nini kingine. Wakampeleka barazani. Wakamwonyesha sare za shule jirani na mapazia ya zahanati, wakamweleza nani aliagiza, nani alirudisha mzigo kwa hasira, na walivyofumua na kushona upya hadi mteja akaridhika. Mkaguzi akasema hili ndilo somo la ujasiriamali alilokuja kulitafuta.

Nikamkumbusha kwamba wale wamefanikiwa, kwa hiyo hawana hata maksi moja. Akafungua daftari lake, akauliza jina langu linaandikwaje.

Mwalimu wa Ushonaji akasema, kwa sauti ya kusikiwa na baraza zima, kwamba uzi anao tele. Ningeomba tu.

Alhamisi, 13 Machi

Godoro limerudi nyumbani. Limeunganishwa, limeshonwa kingo zote, limevalishwa mfuko wa zipu. Mama mkwe alijilaza mchana huu huu, akatangaza kwamba kiuno chake hakijapata kustarehe hivi tangu ujana wake. Akauliza fundi ni nani. Ameagiza mito! Kwa yuleyule! Hasimu wangu amepata mteja ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Nilimweleza mke wangu jinsi walimu wengine wasivyoyaona makosa yao. Akasema nyani haoni, akaishia hapo. Nikamsubiri amalizie. Hakumalizia.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono tu. Nikauweka ufunguo kiganjani mwake. Ilipofika saa ya mapumziko, cherehani zilishaingia zote na ukuta wangu wa machungwa ulishapakwa nyeupe. Mwanga wa asubuhi ni mzuri kweli. Nimeumia.

Kinara amehamia kwao, anasimamia mauzo. Nasikia amepewa tisini, na analilia zile kumi.

Mimi nimeagizwa kukaa kwenye darasa la ushonaji kila Jumanne muhula mzima, dawati la mbele, nijionee somo linavyofundishwa. Mwanzo nilikasirika. Kisha nikatafakari, na picha ikanijia. Mtu hapelekwi darasani kwa mwenzake bila sababu. Ni wazi wanahitaji mtaalamu wa kuwarekebisha, ila wanaona haya kusema. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Halafu nikajisahihisha. Chumba kimekwenda. Kamati hainisalimii. Mkaguzi ameandika jina langu na kulipigia mstari mara mbili. Kwa kipimo changu mwenyewe nina mia kwa mia, na hakuna mwalimu shule nzima anayenikaribia! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tatizo ni lile dawati. Linabana mawazo. Lakini mama mkwe anaondoka Jumapili, na godoro linarudi mvunguni. Nimelichunguza kosa la safari ile bila upendeleo, nikaliona. Zilikuwa pini. Kesho nanunua zile kubwa.