Afisa wa Ruzuku Anakuja Alhamisi

Jumatatu, 13 Aprili

Simu kutoka makao makuu ya jimbo. Afisa anakuja Alhamisi kwa ndege, anaitwa Bi Maureen, na anataka kuona kwa macho yake kama vijana wanakitumia kituo cha vijana ninachokisimamia. Nikamjibu kwamba wanajaa mpaka mlangoni. Sijui nani alinituma kusema hivyo. Leo amekuja mmoja tu, kuchaji simu.

Kosa si langu, ni la jua. Tangu lirudi baada ya miezi ya giza ya huku kaskazini, hakuna kijana anayetaka kukaa ndani. Wote wako kwenye barafu mpaka usiku, na usiku wenyewe siku hizi ni jina tu. Lakini serikali inalipia kuta na taa, hailipii jua. Ruzuku ikikatwa kituo kitafungwa, na miezi ya giza itatukuta hatuna pa kwenda. Naijua miezi hiyo. Kabla ya kituo, tulizika vijana wawili wakati wa baridi ileile moja, na hawakuwa wagonjwa.

Mpango: kesho nitatangaza redioni. Piza na michezo ya video, Alhamisi, bure kabisa.

Jumanne, 14 Aprili

Nimetangaza. Sauti nzuri! Nilifanya mazoezi bafuni. Kabla sijainuka kwenye kiti, simu ikaingia studio, kijiji kizima kikisikiliza. Alikuwa Ulayu. Akasema Alhamisi haiwezekani, vijana wote wanakwenda ziwani kuvua, shule imefungwa na safari ya siku kadhaa ilishapangwa zamani, na mimi niache kuwachanganya watu. Nikasema, "Sawa, Mama."

Ulayu ana miaka kumi na sita. Alizaliwa wiki tuliyomzika mama yangu, akapewa jina lake, basi kwa desturi yetu ni mama yangu, hakuna mjadala. Kijana mwingine yeyote ningemfokea. Mama hafokewi.

Jioni nimekwenda kwao kumsihi. Nimemkuta ameweka miguu mezani, anatafuna bisi. "Mwanangu, umekonda," akaniambia. "Unakula kweli wewe?" Nina miaka arobaini na saba. Nikamweleza yote: afisa, ruzuku, kufungwa. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza kwa nini nisimlete huyo afisa ziwani. Nikamwambia serikali inataka kuona kituo chenye vijana ndani, haitaki kuona samaki. Akakunja pua, yaani hapana. Halafu akaniomba nimbadilishie mkanda wa pikipiki yake ya theluji. Nimeubadilisha. Yaani mimi mwenyewe nimeitengeneza mashine itakayowaondoa vijana wangu.

Jumatano, 15 Aprili

Sikulala. Asubuhi nimesimama nje nikaomba dhoruba, kubwa, ndege isiweze kutua. Mbingu safi, hata wingu la kunidanganya hakuna.

Imebidi nimwendee Levi. Levi anaendesha bingo ya wazee, ule mchezo wa kubahatisha namba, kwenye gereji yake yenye baridi, na tangu tufungue kituo anakitamani chumba chetu kuliko anavyomtamani mkewe. Nikamweleza mpango. Anikopeshe wachezaji wake. Wavae makoti ya wajukuu wao, kofia zivutwe mpaka puani, wageukie televisheni na kucheza mchezo wa video. Afisa atasimama mlangoni, ataona migongo mingi, ataridhika.

Levi alicheka mpaka akakaa chini. "Wee Pitalusi," akasema, "kichwa chako kikipelekwa sokoni kitapata bei nzuri, maana hakijatumika." Kisha akataja sharti lake: bingo kituoni kila Ijumaa. Nimekubali. Ningefanyaje?

Jioni mazoezi. Yameenda vizuri, isipokuwa Bibi Qaunnaq, mwenye miaka themanini na kitu, amewapiga risasi wote mchezoni, wakiwemo wa upande wake, na amekataa kuachia rimoti. Nimemwambia zamu ya wengine imefika. Amejifanya hasikii.

Alhamisi, 16 Aprili

Ndege imetua mapema. Bi Maureen ni mama mpole, kavaa viatu vya mjini. Njiani nikamwonya kwamba vijana wetu wana aibu sana na wageni, afadhali awatazame kutoka mlangoni tu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba alfajiri mpwa wa Bibi Qaunnaq alirudi kuwinda na sili, mnyama mnene wa baharini, na sili akifika hawekwi kiporo. Nimefungua mlango. Televisheni imezimwa. Kadibodi imetandazwa sakafuni, sili katikati, na wazee wangu wote wamepiga magoti kumzunguka na visu mkononi, kofia zimevuliwa, mvi zote nje, damu mpaka viwikoni. Bibi Qaunnaq akatukaribisha. "Njooni mle, ini bado lina moto."

Bi Maureen akauliza taratibu vijana wako wapi. Levi akanitangulia kujibu. Kwa makusudi, namjua! Akasema vijana wako ziwani, mama yake Pitalusi amewapeleka kuvua. Bi Maureen akashangaa. Akaniuliza mama yangu ana umri gani hata bado anaweza safari za barafuni.

Nikasema kumi na sita.

Visu vyote vikasimama. Bi Maureen akaandika kitu. Nikajua kituo kimekufa na mimi ndiye nimekiua. Nilitaka kulia palepale mbele ya sili. Bi Maureen akafunga kalamu, akasema kesho angependa sana kuonana na mama huyo.

Ijumaa, 17 Aprili

Tumemvuta Bi Maureen kwa sleji nyuma ya pikipiki ya theluji, tumemfunika ngozi mpaka yakabaki macho. Ziwani kulikuwa na mahema, chai, na vijana wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kituoni kwa wakati mmoja. Iliniuma kidogo.

Bi Maureen akawauliza kama kituo kina faida yoyote kwao. Wote wakainua nyusi. Akasubiri. Akauliza tena, polepole zaidi. Wakainua nyusi tena, juu zaidi, wakimvumilia. Nikaona kalamu inatoka. Nikapayuka kwamba wamesema ndiyo, wamesema mara mbili, aandike mbili!

Hapo Mama akaweka kamba yake ya kuvulia chini. Akamwambia afisa kwamba sleji hizi zote zimetengenezwa kituoni, na mahema yameshonwa kituoni. Akasema wakati wa giza kuna nyumba ambazo mtu hawezi kukaa ndani. Akasema mwanawe huyu, akanionyesha kwa kidevu, huwafungulia mlango hata usiku asiolipwa, hawaulizi kitu, anawapikia tambi. Tambi mbaya. "Ana mambo mengi ya kijinga," akasema, "lakini ukigonga, anafungua."

Nikatazama ndani ya shimo la barafu kama mtu anayetafuta samaki. Machozi yakigandia kwenye kope yanauma sana.

Jumanne, 21 Aprili

Simu. Ruzuku imepita! Kituo kinabaki, na safari za ziwani nazo zitalipiwa. Nimelia tena, safari hii ndani ya nyumba. Nimempigia Mama, akasema vizuri, sasa nile. Nimekula.

Bi Maureen aliongeza jambo. Alifurahi mno kuona wazee nao wana nafasi kituoni. Kuna mfuko mwingine wa serikali kwa ajili ya wazee tu, na mwenzake angependa kuja kuwaona. Je, wazee huja mara nyingi? Nikamjibu kwamba wanajaa mpaka mlangoni. Akaniambia nichague siku mwenyewe. Nikachagua wiki ya mwisho ya Mei, bila kusita, ili nionekane mtu wa uhakika.

Nimeshakata simu ndipo nikakumbuka mabata bukini. Wiki ya mwisho ya Mei wanarudi, wazee huenda kuwawinda, na hapo hutamkuta mzee hata mmoja kijijini. Bibi Qaunnaq huwa wa kwanza kuondoka, na bunduki yake.

Si neno. Wiki hiyo vijana watakuwapo, wana shule. Wakae mbali na dirisha, wapinde migongo kidogo, wakohoe kwa zamu. Nywele nimeshazipatia dawa: nimenunua unga wa ngano, mfuko mkubwa. Mama asijue.