Siku Sita za Kumwinda Bwana wa Kasri

Jumatatu, 4 Agosti

Mambo yameharibika. Binti yangu anaondoka Jumapili kwenda chuo cha uuguzi, mbali, miaka mitatu. Leo mezani ametangaza kwamba Jumamosi yake ya mwisho nyumbani ataitumia kumuua Bwana wa Kasri. Ni gemu. Makaburi, ukungu, minara, maiti wanaotembea na mapanga. Inachezwa na watu wawili. Anatafuta mwenzake.

Nikafungua kinywa. Kabla sijatoa neno, shemeji akadakia kwamba yuko tayari. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, kinyozi, alikuwa amepita tu kutusalimu na bahati nzuri akakuta chakula, kama kila siku. Gemu anazicheza tangu ana meno ya utoto. Akaanza kueleza jinsi ya kumkwepa Bwana wa Kasri anapoinua fimbo. Binti macho kodo.

Nikasema hata mimi nacheza. Mke wangu akaweka kijiko chini. Nikaongeza kwamba zamani nilikuwa moto wa kuotea mbali. Zamani ipi, sijui. Binti akanionea huruma, akasema Ijumaa atatupima wote wawili. Atakayefika mbali ndiye atakayecheza naye.

Siku nne! Lakini mimi ni fundi cherehani wa miaka ishirini na sita. Napitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Vitufe kumi vitanishindaje?

Jumanne, 5 Agosti

Mpango: kujifunza kwa siri. Binti ameenda kuaga rafiki zake, mke wangu yuko shuleni anafundisha. Duka nimelifunga na kubandika karatasi mlangoni: NIMEKWENDA KUPIMA MTEJA.

Kwanza gemu ikataka nitengeneze uso wa mtu nitakayemchezesha. Saa nzima na nusu. Nimempa mashavu yangu ya ujana na pua ambayo ningepewa kama ningeulizwa. Kisha nichague niwe nani: mwindaji, mtawa, mfungwa, au mrithi wa ukoo ulioanguka. Nikachagua mrithi, kwa sababu ya koti. Kola imesimama yenyewe! Mshono wa bega umekaa panapotakiwa! Aliyechora gemu hii amewahi kushika mkasi.

Nikaingia makaburini. Mbele yangu mzee mwenye kibiongo, fanusi mkono mmoja, beleshi mkono wa pili. Nikamsogelea. Mtu mzima humpiti hivi hivi. Nikabonyeza vitufe vyote nikitafuta cha kumwamkia. Akanipiga beleshi la kichwa. Maandishi mekundu: UMEKUFA. Sekunde kumi na moja.

Nimekufa mara kumi na nne, zote mikononi mwa mzee yule yule. Mara ya kumi na tano nikasikia binti anafungua mlango. Nikazima televisheni, nikajitia nafagia. Akauliza kwa nini nafagia kwa padi ya gemu. Nikasema kuna vumbi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango mpya: ujasusi. Nimekwenda kwa shemeji kunyolewa, nimchote siri zake bila yeye kujua. Tatizo dogo, nilinyolewa Jumapili. Akazunguka kichwa changu mara mbili akitafuta nywele.

Nikamuuliza, hivi hivi tu, kwamba mtu akikutana na mzee wa makaburini, tuseme, afanyeje. Akacheka mpaka mashine ikapita kwenye unyusi wangu wa kushoto. Akawatangazia wateja wote. Halafu akanieleza kila kitu, kwa moyo mweupe kabisa: usikimbilie kupigana, mzunguke, piga mara moja urudi nyuma. Ukiua utapata nguvu za kugawa. Ziweke kwenye uhai na mkono wa upanga. Usithubutu kuzimalizia kwenye mavazi.

Inauma zaidi adui akikusaidia. Njiani nikatafakari. Kwa nini amesisitiza mavazi? Anaogopa nini? Kumbe siri iko kwenye mavazi! Shemeji, umejichongea mwenyewe.

Jumla ya nyusi: moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeua! Mzee wa makaburini hayupo tena! Kwa haki, alinifukuza akatumbukia kwenye kaburi alilokuwa analichimba mwenyewe, lakini gemu imenihesabia mimi.

Ndani ya mnara kuna kivuli cha mwanamke anayeshona. Mwenzangu! Unampa nguvu ulizopata, anakupa vazi. Kulikuwa na joho la mahameli nyeusi, bitana nyekundu. Nimesogeza pua mpaka kwenye kioo cha televisheni kuhakikisha. Pindo limefichwa mshono, kazi ya mkono. Sikufikiri mara mbili. Nimetoa zote.

Sasa hali iko hivi. Uhai: kidogo. Mkono wa upanga: wa mtoto mchanga. Joho: la kifalme.

Mchana mke wangu alipita dukani. Jioni amesema mteja anayepimwa tangu Jumanne lazima awe mnene sana. Nimejitia sikusikia.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mtihani. Shemeji kaanza. Kapita makaburi anapiga mluzi, kavuka daraja, kaingia kanisani, kawaangusha walinzi wawili huku anamsimulia dada yake habari za foleni ya benki. Binti anapiga makofi.

Zamu yangu. Joho likatokea kwenye kioo, linapepea. Binti akasema nimependeza sana. Shemeji akashika kichwa. Nikavimba.

Kwenye daraja akanirukia mbwa asiye na ngozi, akaning'ata pindo. Pindo! Nikasahau upanga, nikarudi nyuma kuliokoa joho. Daraja likaisha. Sekunde arobaini, pamoja na muda wa kuanguka.

Shemeji akanipiga bega, akasema kwa mwanzo si haba. Binti akasema atafikiria. Afikirie nini? Mwenye macho kaona.

Nimerudi dukani kumalizia suruali ya watu. Mshono umepinda mara tatu. Nimesingizia taa, lakini ukweli ni kwamba nimeumia. Mtoto huyu sare zake zote nimemshonea mimi, tangu chekechea mpaka zile nyeupe za uuguzi zilizoko kwenye begi. Keshokutwa anaondoka, na kesho yake yote nimempa kinyozi.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi binti kaja dukani, kaniambia nifunge. Nikauliza na shemeji je.

"Mjomba nimemwambia aje jioni kula," akasema. "Nikicheza naye dakika kumi tumemaliza. Nikicheza na wewe, baba, tutashinda pale kutwa nzima."

Tumeshinda kutwa nzima. Nimekufa mara sitini na tatu. Yeye ndiye aliyehesabu, mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Kila nikifa, tunasubiri nifufuke, na tukisubiri anauliza mambo. Kama mimi niliogopa nilipoondoka kwetu. Nikasema niliogopa, wiki mbili nzima. Kama damu itamtia kizunguzungu. Nikasema siku ya kwanza labda. Mke wangu kaleta chai, kakaa nasi, hakuondoka tena.

Bwana wa Kasri tulimfikia saa kumi na moja jioni. Akanimaliza kwa fimbo kabla sijampa heshima yake. Binti akaweka padi chini, akasema tumwache, haendi popote.

Nikakusanya vikombe vya chai, vyote kwa mara moja.

Jumapili, 10 Agosti

Kaondoka na basi la saa mbili. Nimelia kituoni, mbele za watu. Shemeji naye kalia, kunizidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumba kimya. Nimekaa nikatathmini mambo kwa kichwa kilichotulia.

Nimemshinda kinyozi, hilo halina ubishi. Kilichomshinda ni joho. Lakini kufa mara sitini na tatu ni aibu, na binti ana adabu tu, hakutaka kusema. Kwa ajili yangu kapoteza kutwa nzima, siku yake ya mwisho! Haitatokea tena. Nimekwenda kwa shemeji, nikameza kiburi, nikamwomba anifundishe kila siku baada ya chakula cha mchana. Kakubali. Tumeanza leo.

Binti anarudi likizo Desemba. Miezi minne inanitosha. Bwana wa Kasri nitamuua kwa dakika tano, nusu ya zile za mjomba wake. Tutamaliza kabla chai haijapoa, halafu awe huru kwenda zake kwa rafiki zake.