Manjano Asilimia Mia

Jumatatu, 4 Machi

Leo naanza upya. Mke wangu yuko kwa mama yake tangu mwezi uliopita. Alisema atarudi siku nitakapokuwa na kazi anayoweza kuitaja mbele za watu bila kuangalia chini. Maneno makali kwa mtu anayefikiri mchana kutwa!

Kazi nimeipata. Virutubisho. Mwenye duka la dawa mtaani kwetu anauza kapsuli za manjano za kuponya magoti. Tunamwita Koti Jeupe, maana koti tumeliona, cheti hakuna aliyekiona. Wazee wanapanga foleni hadi barabarani. Mpango: nanunua kopo lake moja, nafungua kapsuli, nachanganya manjano yake na unga wa mahindi, natoa makopo manne. Ukila na kipofu usimshike mkono.

Nimenunua. Koti Jeupe akauliza goti lipi linaniuma. Nikasema yote. Ikabidi nichechemee hadi kona.

Jumanne, 5 Machi

Salaale! Nimefungua kapsuli juu ya meza ya jikoni. Kunusa: hamna harufu. Kuonja: unga. Nikatia kwenye glasi ya maji. Maji yakageuka manjano, unga ukashuka chini ukatulia kama uko kwao. Unga wa mahindi! Uliotiwa rangi! Yaani nilikuwa naenda kuchakachua unga kwa unga. Watu hawana hata haya.

Nikamwendea moto moto, kuchechemea nimesahau. Nikamwambia kopo limeandikwa manjano na ndani manjano hamna. Akamwaga kapsuli moja kiganjani, akaniuliza hiyo ni rangi gani. Nikasema ya manjano. Akasema basi. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, nilizifungua kwa nini.

Nimerudi nyumbani na kopo langu. Nimekaa kitandani mdomo wazi. Hasira, ndiyo. Na wivu kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelala na hasira, nimeamka na akili. Ikiwa manjano ni kiungo na manjano ni rangi, nani atanishtaki? Kwa jirani anayeoka keki nimepata rangi ya manjano, ile anayopambia. Unga ninao. Kujaza kapsuli kwa mkono ni adhabu tupu! Maganda yanaruka, unga unaingia puani, vidole havisafishiki.

Mchapaji amenitolea lebo nzuri mno: GOTI CHUMA. MANJANO HALISI, ASILIMIA MIA. Akauliza kama aongeze "imethibitishwa". Nikauliza imethibitishwa na nani. Akasema hiyo huwa haiandikwi. Nikamwambia aongeze.

Mchana mke wangu akapiga simu. Nikamwambia siku hizi niko kwenye mambo ya afya. Sauti yake ikalainika. Nilifurahi kama mtoto! Halafu akasema magoti ya mama yanamtesa, nimpelekee kopo kesho. Simu nusura initoke mkononi. Mama mkwe! Mwalimu mkuu mstaafu! Mama ambaye hadi leo akinitazama nakagua kucha zangu.

Ijumaa, 8 Machi

Ningekataa vipi? Nimepeleka. Mama mkwe alivaa miwani, akasoma lebo, akavua miwani, akanisoma mimi. Akauliza ndani kuna nini hasa. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ni manjano, Mama, hamna cha ziada ila manjano. Kwa lugha yetu hilo si uongo. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Mke wangu alinisindikiza hadi mlangoni. Alinitengeneza kola! Akasema kesho tutazungumza habari za kurudi. Nimetembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mke wangu akapiga simu akilia: mama amekuwa wa manjano! Ulimi, midomo, meno, vidole! Nikakimbia hadi zahanati na viatu visivyolingana. Kumbe Mama hawezi kumeza kapsuli, koo lake linakataa. Alizifungua nyingi kwa mpigo, akakorogea kwenye maziwa, akanywa, akalamba na kijiko. Mke wangu ana hakika ni ugonjwa wa manjano. Analilia ini la mama yake. Na mimi nasimama pale nikijua ni rangi ya keki.

Daktari alitazama macho: meupe. Akafuta ulimi kwa pamba: pamba ikawa ya manjano, ulimi ukawa ulimi. Akauliza Mama amekula nini. Mama akaninyooshea kidole. Daktari akamwaga kapsuli ya Goti Chuma kwenye maji, akatazama unga ukishuka, akasema huu ni uji, tena mbichi.

Nikasema manjano ni rangi pia, daktari.

Mke wangu akaangalia chini. Hapo ndipo iliponiuma, inauma hadi sasa.

Ila hayakuishia hapo! Daktari akafikiri, akavuta droo, akatoa kopo la Koti Jeupe. Lake mwenyewe! Anameza kila asubuhi! Akatia moja kwenye glasi ya pili. Ukashuka unga uleule. Alikaa chini taratibu akashika goti. Daktari mzima, jamani! Basi nani anajua anachomeza?

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe aliniita sebuleni. Nilisimama. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye ulimi wake. Akaniambia niape mbele ya binti yake kwamba sitauza tena kopo ambalo nje linasema hili na ndani lina lile. Niliapa. Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya kweli, bila kuchanganywa na chochote. Mke wangu naye akalia. Amekubali kurudi.

Jumanne, 12 Machi

Amerudi jana. Nyumba inanukia sabuni. Nina furaha isiyo kifani, na kiapo nitakitunza hadi kaburini.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeloweka makopo yote na kubandua lebo moja moja. Yako safi, yanang'aa, hayana hata herufi. Kopo lisiloandikwa kitu haliwezi kusema uongo! Sasa nje hayasemi hili, ndani yana lile, na kesho nayapeleka mtaa wa pili ambako hawanijui. Mteja akiuliza ni ya nini, nitamuuliza yeye anaumwa wapi.

Nimemweleza mke wangu mpango mzima. Amesikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akauliza nimeliweka wapi begi lake kubwa. Nadhani anataka kunisaidia kubeba makopo.